Garmin GPS 175 kwenye ndege ya kujijengea: unachopata na usichopata ukiruka kutoka Luano

Kwa rubani wa Lubumbashi aliyejijengea RV au Sling na anataka kutua kwa vyombo, GPS 175 ya Garmin, kifaa cha urambazaji cha dashibodini, ni kifaa kizuri, ila sehemu kubwa ya sifa zinazokipandisha bei haifanyi kazi katika anga ya Katanga. Garmin hawajadanganya. Sifa hizo zinategemea huduma ambazo Marekani na Ulaya wamezijenga kwao, na kwetu bado hazijafika. Anayekinunua akilijua hilo ataridhika nacho miaka mingi. Anayekinunua kwa kusoma tangazo atajikuta ndani ya wingu akisubiri mshale wa kushuka ambao hautatokea.

Tuanze na kifaa chenyewe. GPS 175 ilitoka mwaka 2019 kwa dola 4,995, pamoja na GNX 375 ya dola 7,995 yenye transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada) ndani yake. GNC 355 yenye redio ya mawasiliano ilifuata mwaka huohuo. Zote tatu zina uso mmoja: inchi 6.25 kwa upana na inchi 2 kwenda juu, skrini ya kugusa, kitufe cha kurudi mwanzo, na kitasa cha duara mbili, ya nje na ya ndani. Na zote tatu hazina VOR wala ILS, yaani vipokezi vya mawimbi ya vituo vya ardhini vinavyoongoza ndege safarini (VOR) na wakati wa kutua (ILS). Hili linawapita wengi, hasa waliozoea GNS 430, sanduku la zamani lililokuwa na GPS, redio, VOR na ILS mahali pamoja. Kwenye familia ya sasa ya Garmin, anayetaka vyote hivyo kwenye sanduku moja anakwenda GTN 650Xi, na bei yake ni zaidi ya mara mbili ya GPS 175.

Kwa nini basi mtu aihitaji kabisa, wakati G3X Touch au G5, skrini za Garmin za kuonyesha mkao wa ndege, aliyokwisha kuifunga ina GPS yake? Kwa sababu GPS iliyo ndani ya skrini hizo ni ya kuruka kwa macho. Inachora mstari mzuri wa zambarau, lakini haina cheti cha kukuongoza kwenye aproshi, yaani utaratibu wa kuukaribia uwanja ili kutua, na haikupi onyo la kuaminika pale setilaiti moja inapotoa taarifa mbaya. GPS 175 ina cheti cha TSO-C146e, kiwango cha mamlaka ya anga ya Marekani, na kazi hasa inayolipiwa ni hiyo: kujua wakati ambao yenyewe haipaswi kuaminiwa. Tableti kwenye goti ni ya ramani na chati, basi.

LPV haifiki Lubumbashi

LPV ni aproshi ya GPS inayokuongoza kulia na kushoto, pia juu na chini, karibu sawa na ILS. Kwenye viwanja vingi vya Marekani inakufikisha futi 200 juu ya ardhi kabla ya kuamua kutua au kughairi. Ili ifanye kazi inahitaji SBAS, yaani vituo vya ardhini vinavyopima makosa ya GPS muda wote, na setilaiti zilizosimama juu ya ikweta zinazorusha masahihisho kwa ndege. Marekani wana WAAS, Ulaya wana EGNOS, India wana GAGAN, Japani wana MSAS. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaohudumia Lubumbashi, iliyoko digrii 11 na nusu kusini mwa ikweta. ASECNA, shirika la pamoja la huduma za anga la nchi kadhaa za Afrika, wana mpango wao kwa nchi wanachama, lakini RDC haimo ASECNA. Huduma za anga yetu ziko mikononi mwa RVA, shirika la serikali la njia za anga.

Linalochanganya ni hili: ukifungua ukurasa wa setilaiti ukiwa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, unaweza kuona kifaa kinasikia setilaiti ya EGNOS, kwa kuwa setilaiti hizo zinatazama Afrika nzima. Kuisikia hakutoshi. Masahihisho yanayorushwa yamepimwa hasa kwa vituo vya Ulaya na kaskazini mwa Afrika, na sehemu muhimu ni ile inayohusu ionosfia, tabaka la juu la anga linalochelewesha mawimbi ya GPS. Kwa Katanga hakuna kilichopimwa, hivyo hakuna kinachotumwa, na kifaa kinabaki na GPS tupu. Usidanganywe na mistari ya kijani kwenye ukurasa ule.

Na ionosfia yetu ndiyo yenye vurugu. Ukanda wa tropiki hupata misukosuko baada ya jua kuzama, zaidi karibu na Machi na Septemba, na zaidi tena katika miaka ambayo jua lina shughuli nyingi. Setilaiti moja inapotea sekunde kadhaa, inarudi, nyingine inapotea. Mchana hutaona tatizo lolote. Kwenye aproshi ya saa moja jioni unaweza kupata onyo ambalo asubuhi halikuwapo, na tatizo lisiwe kwenye antena wala kwenye waya.

Kinachobaki ni LNAV: mwongozo wa kulia na kushoto pekee. Kimo unakishusha mwenyewe kwa altimita, hatua kwa hatua, hadi MDA, kimo ambacho huruhusiwi kukipita bila kuuona uwanja. Kifaa kinajikagua kwa RAIM. Kinahitaji setilaiti 5 ili kugundua kwamba kuna moja inayokosea, na 6 ili kuijua ni ipi na kuitupa. Ukurasa wa kutabiri RAIM umo ndani, kwenye kundi la zana. Unaweka uwanja unaokwenda, tarehe na saa, unasubiri jibu. Kwa Marekani wengi wameusahau kwa sababu ya WAAS. Hapa ni sehemu ya maandalizi ya safari, sawa na kupima mafuta.

Je, LNAV inatosha? Kwa Luano, kwa sehemu kubwa, ndiyo. Uwanja uko futi 4,295 juu ya usawa wa bahari kwenye uwanda ulio wazi, na barabara yake ya kurukia na kutulia ndege, 07/25, inapita mita 3,200. Ndege ndogo inayotoka kwenye wingu ikiwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa ina nafasi ya kutosha kutua katikati ya barabara bila kusukuma pua chini. Kavumu ya Bukavu ni habari nyingine: uwanja uko mita 1,720 hivi, barabara ni ya mita 2,000, na upande wa magharibi Kahuzi inasimama mita 3,308. Huko LNAV, yenye mwongozo wa kulia na kushoto pekee, inaomba heshima zaidi, na hatuipendekezi kwa ndege ya injini moja isiyo na rubani wa pili mawingu yakiwa yameshika milima. Upande wa Goma kuna tatizo la ziada: tangu 2024 kumekuwa na taarifa za mawimbi ya GPS kuvurugwa kwa makusudi, na hapo hata kifaa cha bei gani hakikusaidii. Hii ni sababu moja kubwa ya kutotupa VOR.

Jinsi inavyofanya kazi ukiwa nayo hewani

Hali ya hewa inayomlazimisha rubani wa Lubumbashi kutumia vyombo ni ya aina mbili. Kuanzia Novemba hadi Machi ni mvua na mawingu ya radi. Kwa haya GPS 175 haina msaada, na ndege isiyo na rada inayazunguka kwa mbali au inabaki chini. Aina ya pili ni moshi wa Agosti na Septemba, nyasi na misitu ya miombo inapoungua na matanuru ya makaa yanapofuka. Moshi una mtego wake: ukitazama chini unaona mitaa na nyumba wazi kabisa, lakini ukitazama mbele kwa mshazari huoni kitu. Rubani anaamini ana uwanja, anateremka, na uwanja unatoweka. LNAV inatibu hali hii vizuri kuliko zote, kwa kuwa inakuweka kwenye mstari wa barabara na unachosubiri ni kuona tu.

Kuipakia aproshi ni rahisi kuliko kwenye GNS 430. Unagusa aproshi, unachagua uwanja, unachagua utaratibu, halafu pointi ya kuingilia. Kosa linalorudiwa liko hapo kwenye pointi ya kuingilia: watu wanachagua vekta, yaani kuelekezwa na mnara, kwa sababu ni chaguo fupi, na pale mnara usipokuwa na rada ya kukupa vekta unajikuta huna njia ya kuunganisha. Chagua pointi kamili iliyochapishwa kwenye chati. Kisha soma kila mguu kwenye skrini ukiulinganisha na chati: jina, uelekeo, umbali. Kama utaratibu unaoutaka haumo kwenye orodha, usiuunde mwenyewe kwa kuweka pointi kwenye mstari wa barabara. Mstari uliojitungia hauna mtu aliyepima vizuizi chini yake, na mnara wa simu uliojengwa mwaka jana haujui kwamba wewe unapita.

Kipimo cha mshale hubadilika chenyewe: safarini mshale unafika ukingoni ukiwa umetoka maili 2 za baharini kila upande, ndani ya maili 31 za uwanja inakuwa maili 1, na kuanzia maili 2 kabla ya FAF, pointi ya kuanzia mteremko wa mwisho, inabana hadi maili 0.3, mita 556. Hapo, kabla ya FAF, maandishi kwenye skrini lazima yawe yamegeuka kutoka TERM kuwa LNAV. Likiendelea kusoma TERM, au likitokea neno la manjano LOI, yaani kifaa hakijiamini tena, hushuki. Onyo likitokea baada ya FAF, unapanda, unafuata mstari hadi pointi ya kughairi, na unaomba njia nyingine. Garmin wameyaandika maneno haya wazi, lakini ni madogo na yako ukingoni mwa skrini. Kama una G3X, yaonyeshe pia kule kwenye skrini kubwa mbele ya macho.

Tahadhari ya hesabu, na hapa wengi waliofunzwa pwani au Ulaya hujikwaa. Ukiruka aproshi kwa noti 90 za kipimo cha mwendo ukiwa futi 5,000 na joto nyuzi 20, hewa inafanana na ile ya futi 6,800, na mwendo wako wa kweli ni karibu noti 100. Bila upepo, mteremko wa digrii 3 unataka futi 500 hivi kwa dakika, si 450 za kitabuni. Upepo wa nyuma wa noti 10 unaongeza 50 nyingine. Kanuni ya haraka, inayopunguza kidogo, ni mwendo wa ardhini mara 5, na mwendo wa ardhini unausoma kwenye GPS yenyewe. Ukubwa wa kosa unaonekana mdogo, lakini kwa maili 5 unakuacha juu ya mteremko, na anayekuwa juu mwishoni ndiye anayesukuma pua.

Afadhali kushuka kwa mteremko mmoja laini kuliko kuporomoka hatua kwa hatua na kunyoosha kwenye MDA. RV ni nyepesi mikononi. Kila ukibadilisha nguvu ya injini na pua, ndege inahama, na ndani ya wingu kila badiliko ni nafasi ya kupoteza mhimili. Weka noti 90, flapu hatua ya kwanza, nguvu moja uliyoijaribu siku ya jua hapohapo Luano, kisha shuka futi 318 kwa kila maili. Ongeza futi 50 juu ya MDA kama kimo chako cha kuamua, kwa sababu ndege inazama kidogo wakati wa kugeuza mteremko kuwa kupanda, na MDA hairuhusu kuzama huko. Noti 90 pia zinakubakisha kwenye kundi A la chati, la ndege za mwendo mdogo zaidi.

Kughairi kumeundwa vizuri. Ukifika pointi ya kughairi kifaa kinasimamisha mpangilio na kukuuliza kama unataka kuanza njia ya kughairi. Panda kwanza, safisha flapu, ndipo uguse. Hapa ndipo tofauti ya injini inaonekana. Rotax 912 isiyo na taabo (turbo, kisukuma-hewa cha injini), kwa hewa ya futi 6,800, imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na kupanda kwake ukiwa umejaza mafuta na abiria ni kwa unyonge. Sling TSi yenye Rotax 915 iS ya nguvu za farasi 141 ina taabo na haina tatizo hilo. Kama yako ni ya kwanza, kimo chako cha kughairi kiwe juu zaidi ya chati. Futi 200 za ziada ni kipimo cha busara kwa rubani mmoja.

Skrini inasomeka kwenye jua la saa sita. Kugusa ndani ya msukosuko ndiko kunachosha: shika ukingo wa kifaa kwa vidole vitatu na gusa kwa kidole gumba, au tumia kitasa. Fanya kazi yote ya kupakia ukiwa bado kwenye hewa tulivu, kabla ya kushuka. Na usiruke LNAV kwa mkono mtupu kama una njia ya kukwepa. Piloti otomatiki yenye servo (mota za kusogeza usukani) mbili za GSA 28 inakushikia mhimili, wewe unabaki na kimo, redio na macho.

Altimita nayo. G5 au G3X iliyotoka Marekani mara nyingi imewekwa kwa inchi za zebaki, na mnara wa Luano unakupa hektopaskali. Badilisha kipimo siku ya kufunga. Kubadilisha kichwani ndani ya wingu ni kujitafutia ajali: kosa la hektopaskali 10 ni futi 280 hivi, na MDA yako haina akiba hiyo.

Ufungaji: mahali inapoharibikia

Malalamiko mengi juu ya kifaa hiki yanatokana na namna kilivyofungwa. Antena kwanza. Weka GA 35, antena ya GPS ya Garmin, juu ya mgongo wa ndege, mahali inapoona anga yote. Wajenzi wa RV wana desturi ya kuificha chini ya boneti ya fibaglasi, kwenye rafu iliyoshikiliwa na ukuta wa moto. Kwa kuruka kwa macho inavumilika. Kwa aproshi, pua ikiwa juu au ukiwa umelala upande, injini inaziba setilaiti, na joto la injini linaila antena taratibu. Iwe angalau futi 2, heri 3, kutoka antena ya VHF, ya redio ya mawasiliano. Kwenye ndege ya kaboni usiifiche ndani kabisa, kaboni inaziba mawimbi. Waya uwe RG-400. Antena ina kikuza-mawimbi ndani yake, na kifaa kinategemea waya upoteze kiasi fulani. Ndiyo maana waya mfupi mno nao ni tatizo: uzungushe mduara uufunge vizuri, usiukate.

Kisha jaribio ambalo halipaswi kurukwa. Ndege ikiwa nje, mbali na hanga, GPS ikiwa imeshika, washa redio ya mawasiliano na ubonyeze kusema kwa sekunde 35 kwenye kila moja ya hizi: 121.150, 121.175, 121.200, 131.250, 131.275 na 131.300, zote megahezi. Sababu ni hesabu tu. Zidisha 121.175 kwa 13, au 131.275 kwa 12, unapata karibu 1575, na GPS inasikiliza 1575.42. Redio yenye mwangwi mchafu inaua GPS wakati uleule unapoongea na mnara. Setilaiti zikianguka wakati wa jaribio, chomoa antena ya ELT, kifaa cha kutoa ishara ya ajali, na urudie, kwani ELT za zamani hunasa mawimbi ya redio na kuyarusha upya. Zikirudi, umepata mkosaji. Zisiporudi, sogeza antena, au weka chujio kwenye waya wa redio.

Kuunganisha na G5 au G3X kunahitaji kisanduku cha GAD 29, na watu husahau kukiagiza. GPS 175 inaongea ARINC 429, skrini zinaongea CAN, na GAD 29 ndiye mkalimani. Bila yeye mshale wa aproshi haufiki kwenye skrini wala kwenye piloti otomatiki. Waya wa CAN unataka kizuizi cha omu 120 kila mwisho, miwili tu. Zima umeme, pima kati ya nyaya mbili kwa mita: lazima usome karibu omu 60. Ukisoma 120, mwisho mmoja hauna. Ukisoma 40, kuna aliyeongeza wa tatu. Skrini inayozimika-zimika bila sababu, pima hapa kwanza kabla ya kulaumu kifaa.

La mwisho kwenye ufungaji ni dogo na linasumbua kuliko yote. Kifaa kinaingia kwenye trei na kukazwa kwa ufunguo wa pembe sita wa inchi 3/32. Trei ikiwekwa nyuma mno, uso wa kifaa unagonga dashibodi kabla soketi za nyuma hazijashikana hadi mwisho. Ardhini kila kitu kinawaka. Hewani, mtikisiko wa kwanza, kinazima. Kwa hiyo kaza trei kifaa kikiwa ndani, hakikisha uso haugusi dashibodi mahali popote, kisha ukichomoe uangalie kama pini zote zimeacha alama ya kushikana.

Umeme: Rotax 912 inazalisha amperi 18 hivi. Hesabu taa, redio, skrini, GPS, servo na kipasha-joto cha pitoti (bomba la kupima mwendo) kwa pamoja kabla hujasema ndege yako ni ya vyombo. Betri ya akiba ya G5 inakupa hadi saa 4 za kuona mkao wa ndege, lakini haiwashi GPS 175, hivyo altaneta ikifa ndani ya wingu unabaki na mkao wa ndege bila njia, isipokuwa umepanga laini ya pili ya umeme.

Ipi ununue

GNX 375 inavutia kwa kupokea ADS-B, matangazo ya redio ya mahali ndege nyingine zilipo. Fahamu kwamba picha za mvua unazoziona kwenye video za Wamarekani zinarushwa na mitambo ya ardhini ya Marekani. Lubumbashi hakuna wa kuzirusha. Ndege nyingine zenye ADS-B utaziona moja kwa moja, na hilo lina faida karibu na Luano ambako ndege za abiria na za migodi zinapishana. Kama transponda yako ni ya zamani, 375 ina maana na inaokoa nafasi. Kama una transponda nzuri, usiongeze tofauti hiyo ya bei kwa ajili ya picha za mvua ambazo hazitakuja.

Pendekezo letu kwa ndege mpya ni GPS 175 pamoja na redio ya GNC 255, ambayo ina VOR na ILS ndani. Masanduku mawili, umeme kwenye laini mbili tofauti. Moja likifa, la pili linakurudisha. GTN 650Xi ni nzuri zaidi kutumia, lakini kuweka kila kitu ndani yake kunamaanisha kupoteza kila kitu pamoja nayo. Kabla ya kila safari angalia NOTAM, matangazo rasmi kwa marubani, ujue kama VOR na ILS za uwanja unaokwenda ziko hewani, Ndola ya Zambia ikiwemo, kwa kuwa iko chini ya saa moja kwa RV na inafaa kuwa mbadala wa Luano.

Data za urambazaji zinabadilishwa kila siku 28, na kifaa kilichonunuliwa Marekani huja na data za kwao. Agiza ukanda unaojumuisha Afrika, na uhesabu malipo hayo ya kila mwaka kwenye bei. Mzigo ukija kupitia Johannesburg na barabara ya Kasumbalesa, ankara itenganishe kifaa, antena na GAD 29, ili DGDA, watu wa forodha, wasikadirie vyote kwa bei ya kimoja. Na kabla ya kutoboa dashibodi, nenda AAC, mamlaka ya usafiri wa anga, na orodha ya vifaa ujue kama hati za ndege yako ya kujijengea zinaruhusu kuruka kwa vyombo. Kibali kikisema mchana na kwa macho tu, GPS 175 haikibadilishi.

Mwenye GNS 430W inayofanya kazi asiharakishe kuiuza. LPV yake haifanyi kazi hapa, na ya GPS 175 pia haifanyi, lakini ile ya zamani ina VOR na ILS. Garmin waliacha kuiunda zamani na vipuri vinazidi kuwa vichache, kwa hiyo ikifa skrini hesabu inabadilika. Hadi siku hiyo, pesa hizo zinunue servo ya pili na antena iliyowekwa mahali pake.